Kitufe cha Kulia

Kwenye kliniki ya meno, vindoano vya kukwangulia meno vilivyopinda ncha havikutupwa. Vilihamia mezani kwa msaidizi wa daktari, ambaye nyumbani kila mtu alimwita Jino. Jina hilo alipewa na baba yake siku alipoajiriwa, likamganda. Kwa vindoano hivyo alikwangua kutu ndani ya vigemu vya mkononi vya zamani, vya betri nne na kioo kisicho na taa, ambavyo watu wenye akili zao walishavitupa. Mama yake alisema nyumba imegeuka makaburi ya wanasesere, na wala hakukosea sana.

Kigemu kimoja tu hakikuwa cha kuokota. Kilikuwa cha baba, seremala mstaafu na bingwa wa mchezo wa kupanga matofali yanayoanguka. Kwa miaka ishirini hakuna aliyezifikia alama zake. Kisha kiharusi kikampiga, na alipoinuka kitandani, mkono wa kulia haukuinuka naye. Daktari wa viungo alimpa mpira wa kufinya; mzee akauviringisha chini ya kochi. Miezi minne sasa alikuwa anakodolea ukuta, na Jino alihofu baba yake atakauka pale pale kitini.

Basi akafanya analolijua. Alikifungua kile kigemu, akalehemu waya mwembamba kutoka kitufe cha kulia, cha kugeuza tofali, hadi kitufe kipya alichokitobolea nafasi upande wa kushoto. Mkono mmoja ungetosha. Kazi ilitoka safi, naye akajiona fundi kweli kweli.

Mzee alikipokea, akakitazama mbele na nyuma. "Hiki kitufe ni cha nini?"

"Cha kugeuzia, baba. Sasa utacheza kwa mkono wa kushoto peke yake."

Mzee alikilaza kigemu mapajani. "Kwa hiyo na wewe umeshauzika."

"Nimezika nini?"

"Mkono wangu."

Jino alijua ni kweli. Alikuwa ameuzika zamani, tena bila kumwaga chozi. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Mama alidakia kutoka mlangoni. "Usimwonee mtoto! Mpira nani aliutupa chini ya kochi? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mume wangu."

"Mimi si mhunzi, ni seremala. Na mpira hauna alama. Nikiufinya mara mia, nitakuwa nimemshinda nani?"

Jino alikichukua kigemu akarudi nacho mezani. Aliung'oa waya wake, akaliziba tundu. Halafu akakishughulikia kitufe cha kulia. Chini yake kulikuwa na kijipira kilichokakamaa kwa uzee. Alipekua mizoga yote ya vigemu vyake hadi akapata kijipira laini kuliko vyote, akakipunguza kingo kwa kindoano, taratibu, hadi kitufe kikazama kwa uzito wa kifutio cha penseli tu.

"Nimekirudisha," alimwambia baba yake. "Nisamehe."

Mzee alikinyanyua kidole gumba cha kulia kwa mkono wa kushoto, akakilaza juu ya kitufe. Matofali yakaanguka yalivyotaka, yakajaa hadi juu. Akaanza tena. Siku hiyo alishindwa mara kumi na tisa, kesho yake zaidi, na alitukana matofali kwa lugha ambayo mama alisema haijasikika nyumbani humo tangu enzi za useremala. Ukuta ulikosa wa kuukodolea.

Jumamosi moja mchana, Jino akiwa anapiga pasi, alisikia *tik*. Aligeuka. Kwenye kioo cha kigemu tofali refu lilikuwa limegeuka wima, likaingia kwenye pengo lake, na mistari minne iliyojaa ikafutika. Gumba la baba lilikuwa juu ya kitufe, na mkono wa kushoto haukuwa umelishika.

Mama alishusha kikapu cha nguo, akaketi juu yake.

Mzee hakuinua macho. Aliwanyooshea kigemu ili wazione alama zake, chache mno, ambazo zamani angezionea haya.

"Jino," alisema, "kitufe hiki ni chepesi mno. Kikaze kidogo."