Dada wa Kila Hoteli

Asubuhi ya kwanza ugenini, mama alichana nywele juu ya sinki la hoteli, na zilizong'oka akaziacha humohumo, zimejisokota na povu la mswaki wa baba. Mlango ukagongwa. Aliyeingia na ndoo na tambara alikuwa Dada, msichana wao wa kazi, ambaye walikuwa wamemwacha nyumbani alinde nyumba.

Alivaa sare ya kijivu ya hoteli na beji yenye jina la mtu mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Anza na zulia, mdogo ametapika."

Ni kweli alikuwa ametapika. Kitindamimba alijishindilia keki ya bure kwenye ndege mpaka ikakataa kukaa, ikamwagika kwenye zulia, kwenye pazia na ndani ya kiatu kimoja cha baba. Familia nzima iliuruka ule uchafu kwa ncha za vidole, ikashuka kunywa chai. Zizini utakuta hali kama ile, lakini ng'ombe ana udhuru: hana mikono.

Wakiwa kwenye ngazi mama alipiga simu nyumbani. Dada akapokea. "Nipo, mama, nadeki sebule." Maji ya kwenye simu na maji ya chumbani juu yalisikika yakikamuliwa kwa pamoja. Mama akaridhika kwamba nyumba iko salama. Baba naye hakuona ajabu. Kuna watu husafiri na mito yao ya kulalia.

Baba alikuwa mkaguzi wa shule, na safari hii aliipanga ili watoto wajifunze. Kwake lifti ilikuwa somo, na foleni ilikuwa somo. "Mnajifunza nini hapa?" aliuliza hata mbele ya mashine ya soda, na watoto wakajibu chochote ili wapewe soda.

Kabla ya safari, Dada alikuwa ameomba jambo moja tu. Mama yake mzazi alikuwa hoi kitandani, hasemi lolote ila kumtaja yeye. Dada aliomba zile siku ambazo wenye nyumba hawapo, aende akamwone. "Nyumba utamwachia nani?" baba alimuuliza. "Tukirudi utakwenda." Kwenye mji wa pili, akiwa amepiga magoti anachokoa nywele za mama kwenye tundu la bafu, alijaribu tena.

"Baba, kwa kuwa nyumbani nipo na huku nipo, nilikuwa naomba nipungue upande mmoja, nimuwahi mama."

"Sasa aende yupi, abaki yupi?" alisema baba. "Hebu usinichanganye." Akavua soksi, akamtupia begani.

Hoteli ya mji wa tatu ilikuwa na mama wa makamo mapokezini, mcheshi, aliyemfundisha kifungua mimba lugha ya pale. Huyo mtoto alikuwa wa darasa la tatu na kichwa chake kilishika upesi. Alijifunza asante, mto, mvua, samahani. Alijifunza pia neno la kumtaja ndugu wa kike, mliyezaliwa naye tumbo moja. Akalifurahia sana, maana alikuwa na mtu wa kulitumia. Alimnyooshea kidole Dada, aliyekuwa akisugua ngazi, akasema kwa lugha ya watu bila kukosea hata silabi, "Yule ni dada yetu."

Mama wa mapokezi akatoka nyuma ya meza yake. Alimnyang'anya Dada ndoo, akamvutia kiti, akamletea chai. Kisha akaigeukia familia, akauliza ni wazazi gani hawa wanaokula mayai huku mwana wao anasugua ngazi.

Dada alikaa ukingoni mwa kiti. Alipopiga funda la kwanza, vumbi jekundu la njia ya kwao lilianza kuonekana kwenye viatu vyake. La pili, likafika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa karibu sana na mlango wa mama yake, kwani tayari alinusa moshi wa jikoni.

"Siyo dada hivyo, jamani!" mama alisema huku anacheka, yai mdomoni. "Ni dada tu. Wa kazi." Akaomba neno sahihi. Mama wa mapokezi alilitaja, akaomba radhi kwa usumbufu, akamrudishia Dada ndoo yake. Baba akamsimamisha mtoto palepale alirudie neno lile, maana kosa nalo ni somo. Mtoto akarudia. Kila aliporudia, vumbi lilipukutika viatuni, na mwishowe Dada akainuka akalifagia.

Waliporudi, Dada aliwafungulia geti, akapokea mabegi. Ndani kulikuwa na nguo mbichi zilizochachuka na taulo za hoteli tatu.

"Baba, mama amefariki. Wameshazika."

"Masikini, pole sana," alisema baba, naye alimaanisha. "Basi angalau sasa hakuna haraka. Ukimaliza kufua, upumzike kidogo."

Jioni walikuja wageni kusikia habari za safari. Baba alimwita kifungua mimba awaonyeshe alichojifunza. Mtoto akasema asante, mto, mvua, samahani, na wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha akaona glasi yake haina maji. Bila kugeuza shingo, akalipaza lile neno la dada wa kazi kuelekea jikoni.

"Abee," Dada aliitika jikoni. Kwa mbali aliitika pia kwenye korido za hoteli zote tatu.

Wageni wakapiga makofi. Matamshi, kwa kweli, yalikuwa sahihi.