Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Njia za kumshinda bondia mwenye ngumi nzito zinajulikana, na waliozijaribu kwa Matonya wa Buigiri bado wako hai, ila wanakunywa uji kwa mrija. Mmoja alikimbia kuzunguka ulingo mpaka akamaliza kona zote. Mwingine alimkumbatia, akapigwa hivyo hivyo akiwa amekumbatia. Wa tatu alianza kupiga ishara ya msalaba, na kabla mkono haujafika bega la pili alikuwa amelala.

Wa nne alikuwa Ludovick, kijana wa Nzuguni, msomi wa shule ya bweni, aliyeingia uzito wa juu kwa juhudi za chapati zaidi kuliko za mazoezi. Ludovick hakuwa na haja na Matonya. Haja yake ilikuwa Gladness. Lakini Raheli, dada yake Gladness, alikuwa mke wa Matonya huyo huyo, na katika nyumba ile ambayo baba alishatangulia mbele za haki, washenga hawakukaribishwa mpaka mkwe mkubwa aseme neno.

"Mwanyumba," Matonya alimwambia, akimwita jina wanaloitana wanaume waliooa nyumba moja, huku akimpima kitambi kwa macho. "Unalitaka hilo jina? Panda ulingoni na mimi, raundi sita. Ukimaliza umesimama, nitamwambia mama kwamba ulisimama. Ukilala, katafute mke kwa watu wanaooza mabinti zao kwa mizigo."

Ludovick alikwenda kwa kocha wake, Hamidu, kutafuta hekima.

"Mzungushe mpaka achoke," alisema Hamidu.

"Akichoka?"

"Atapiga taratibu. Utaiona ngumi inavyokuja."

"Halafu?"

"Halafu itafika."

Dawa aliitoa Gladness mwenyewe bila kujua, siku wamekaa kibarazani wakibangua karanga. Alikuwa akisimulia kituko cha shemeji yake.

"Alikuwa anafyatua tofali kifua wazi, mara mama huyo anatokea na ndoo. Unajua kwetu mama na mkwe hata kutazamana hawatazamani, sembuse kifua. Shemeji akarukia zizi la nguruwe. Kakaa humo na nguruwe mpaka mama alipomaliza kuanika mtama."

Gladness alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Ludovick hakucheka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia sauti kutoka juu, na sauti yenyewe imemshauri jambo baya.

Kesho yake alipiga hodi kwa mama yao, ambaye watu walimwita Mama Raheli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Za kwenu?"

"Njema tu. Jumamosi kuna tamasha la kwaya pale ukumbini Nzuguni. Nimekuwekea kiti cha mbele."

Mama Raheli alipenda kwaya kuliko alivyopenda chumvi. Jumamosi alifika amevaa kanga doti mpya, kwapani ana kuku wa sadaka. Ludovick, bado amevaa shati na adabu zake zote, alimkalisha kwenye kiti kilichogusana na ulingo, kisha akahakikisha nyuma yake na kando yake watu wamebanana kama mahindi gunzini. Hapakuwa na upenyo wa kutokea hata kwa kuku.

"Mbona jukwaa lina kamba?" aliuliza mama.

"Kwaya za siku hizi zinaruka sana, mama."

"Na hawa wanaovuta sigara?"

"Hao ni wa besi. Wanakwaruza koo."

Akaenda kuvua shati. Njiani alisimama kuwapa wapenzi wa ndondi utani aliokuwa ameutunga wiki nzima. "Matonya anakaa Buigiri, jirani kabisa na shule ya wasioona," alisema. "Nikimaliza naye, hatahitaji nauli." Watu walicheka. Mzee mmoja hakucheka, akaambiwa hajui mchezo.

Raundi ya kwanza ilikwenda kama Hamidu alivyotabiri. Matonya alirusha ngumi moja, Ludovick akaiona inavyokuja, nayo ikafika. Ilimpata begani tu, lakini mkono wa kushoto ulijiuzulu hapo hapo. Ya pili ilipita karibu na sikio, na Ludovick akasikia upepo wake ukitaja jina la marehemu babu yake. Alirudi kwenye kona yake akitembea kama mwanambuzi aliyezaliwa asubuhi ile.

"Basi, nirushe taulo?" aliuliza Hamidu.

"Bado. Bibi harusi hajafunuliwa."

Kengele ya raundi ya pili ilipolia, Ludovick alirudi nyuma hatua kwa hatua, akimvuta Matonya kama mtu anayemvuta ng'ombe kwa pumba, mpaka upande wa kiti kile. Hapo akasema kwa upole, kama mtoto aliyelelewa vizuri:

"Mwanyumba, msalimie mama."

Matonya aligeuza macho. Mama Raheli, ambaye tangu mwanzo alikuwa amefumba yake akimwombea aliyeleta kwaya ile, aliyafumbua wakati huo huo. Kisha akajifunika kanga uso mzima, na kuku akapiga kelele kwa niaba ya wote wawili.

Mikono iliyolaza watu wazito watatu ilipanda ikafunika chuchu. Ludovick akampiga jicho la kushoto.

Matonya aligeuka kumpa mama kisogo, lakini kisogo nacho kilikuwa na mgongo wazi chini yake. Akainama. Ludovick akampiga jicho lile lile. "Mama anauliza habari za wajukuu," alisema, akapiga. "Mama anasema umekonda," akapiga.

"Refa," Matonya aliita, glavu zikiwa bado kifuani. "Naomba shati."

Ukumbi uliangua kicheko. Refa alidhani akili imeyumba, akamwonyesha vidole ahesabu. Matonya alihesabu sawasawa, kisha akaomba shati tena.

Ludovick angeweza kummaliza mapema, naye alilijua hilo. Lakini aliyewahi kuwa mdogo bwenini, akamwagiwa maji kitandani na wakubwa, akipata wa kumwagia hamwagi kikombe kimoja. Alichagua pa kupiga kama mtu anayechagua nyanya sokoni, na kila mara alirudia jicho lile. Katika raundi ya nne Matonya alipiga magoti, akiwa amempa mama mgongo na kuinamisha kichwa, kama mtu anayesalimia wakubwa. Refa alihesabu mpaka mwisho na Matonya hakuinuka. Miguu ilikuwa bado na nguvu. Aliona tu kwamba akipiga magoti anaonekana kidogo.

Mama Raheli, ambaye sasa alikuwa ameupa ulingo mgongo, alivua kanga yake ya juu, akampa refa kwa nyuma bila kugeuka, akajifunika uso kwa viganja. "Mfunikeni mtoto wa watu," alisema.

Ludovick alishuka akiwa ameloa jasho na ushindi, kitambi kinang'aa, akasimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Mama Raheli hakuitikia. Alifunua uso, akamtazama kuanzia nywele hadi kitovu, taratibu, kama anayesoma kibao cha njia. Kisha akamchukua kuku wake, akaondoka.

Ludovick aliona ni uchovu tu. Washenga walikwenda mwezi uliofuata, naye akawasindikiza akiwa na suti mpya, akabaki nje ya ua kama desturi inavyotaka. Matonya alikuwepo, nyuma ya nyumba ambako mama asingemwona, na bandeji jichoni. Daktari alikuwa amemwambia jicho hilo lisingeona tena. Maji ya washenga yalipoletwa, alipaza sauti kutoka nyuma ya ukuta:

"Mama, Ludovick alisimama. Niliahidi nitasema, nimesema."

"Asante, mkwe wangu," alijibu Mama Raheli ndani. "Najua alisimama. Alisimama mbele yangu kifua wazi, ananiamkia. Na mtu niliyemtazama kifua hadi kitovu hawezi kuwa mkwe wangu. Jamani, kunyweni maji."

Washenga wakanywa maji.

Huko nje, Gladness alikuja na ndoo kichwani. Ludovick alimtolea tabasamu lenye meno yote, hakuna hata moja lililolegea. Gladness akainamisha macho, akageuza njia, akazungukia nyuma ya nyumba, kama wanavyokwepwa wakwe.