Ujumbe wa Musonoi Haukufika

Bei ya shaba ilipoanguka, kampuni ya mgodi iliwafukuza kazini wanaume wengi wa Musonoi, mtaa wa Kolwezi, Muamba akiwa mmoja wao. Bei ilipopanda haikuwarudisha. Ilitaka viwanja vyao, ipanue shimo.

Majirani walimchagua Tshiela, mke wa Muamba, awasemee. Wakili wa Lubumbashi, Maître Kalombo, alikubali kwenda mahakamani kuzuia ubomoaji, mradi kila familia imwandikie kwa barua pepe kwamba inapinga. Yeye alikuwa safarini Kinshasa, angezisoma huko.

Wakaenda cyber ya Dilala, duka la kukodi intaneti. Tshiela aliandika maneno, kila jirani akatia jina lake chini, barua zote zikatumwa kutoka kompyuta ileile.

Jibu halikuja. Simu ya wakili haikupatikana.

"Tutume tena," Tshiela akasema. Wakatuma tena, na tena.

"Maître wamemununua," watu wakaanza kunong'ona.

Ijumaa Tshiela akaenda ofisi ya kampuni ya internet. Elise, fundi wa pale, akatafuta kwenye kompyuta yake, akakunja uso.

"Mama, hazikutoka hata Kolwezi. Chujio ya barua pepe imezishika kama takataka."

"Takataka? Ile ni bantu, ni watu, kila mutu na jina yake!"

"Chujio haijue bantu. Inaona maneno ileile, inatoka fasi moja, mashine moja, mara mingi. Inazania ni ile ya matapeli, ya kusema umeshinda loto. Na kila mara mulirudilia, ikawashuku zaidi."

"Basi fungula."

"Mi sina nguvu hiyo, mama. Inaongozwa Ulaya. Naweza kuomba tu."

Akaomba. Ulaya hawakujibu. Mwishowe Elise akamwandikia wakili kutoka anwani yake mwenyewe, akieleza yote.

Maître Kalombo alijibu Jumatatu, amesharudi Lubumbashi: hakuwa amepata hata moja, angekimbilia mahakamani siku hiyohiyo. Tshiela aliusoma ujumbe huo kwenye simu akiwa barabarani, amekalia godoro. Mashine za kubomoa nyumba zilikuwa zimeingia alfajiri pamoja na polisi. Muamba alikuwa anavuta mabati yaliyobaki mazima.

Akajaribu kuwaeleza majirani habari ya chujio.

"Mashine inakatala barua ya bantu namna gani?" akauliza mama Henriette, wa nyumba ya pili. "Sema tu kama na wewe walikununua."

Henriette akajitwika sufuria zake, akaenda.

Elise alipopata nafasi ya kuja mwenyewe kuwaeleza, wengine walikuwa wamehamia Fungurume, wengine kwa ndugu zao Dilala. Alikuta kachapila, matingatinga ya kampuni, zinachimba. Hakuona mtu wa kumwambia.