Matofali ya Akina Mama wa Alhamisi

Alhamisi saa nane mchana MaDlomo alifunga vifungo vya blauzi yake nyekundu, akavaa kofia nyeupe, akatoka na sufuria la mahindi na maharage kichwani. Kanisa la Kimethodisti la New Brighton, mtaa wa mji wa Gqeberha, lilikuwa limejengwa upya, na hii ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya maombi ya akina mama tangu lifunguliwe.

Chumba cha nyuma kilikuwa na kufuli. Katika kanisa la zamani hapo ndipo walipoomba, kisha wakawalisha wenye njaa wa mtaani. Miaka mitatu walibeba matofali kwa mikono, kila mama akilitamkia lake jina la marehemu wake, kwa kuwa Mchungaji Gqamane aliwaapia chumba chao kitarudi. MaDlomo alimwamini. Alimlisha humo humo mchungaji huyo alipokuwa mtoto asiye na viatu.

Dirishani waliona makochi ya ngozi.

"Ni ya wageni wa heshima, mama," alisema mchungaji. "Ninyi ni wenyeji, hata uani panawatosha."

"Mwenyeji hafungiwi mlango, mwanangu."

"Mama, tusianze."

"Shukrani ya punda," alisema mmoja nyuma, wala hakumalizia.

Wakapiga magoti uani. Kwenye wimbo wa pili matofali yao yakachomoka ukutani, moja moja, bila haraka, kila moja likaja kukaa kando ya aliyelibeba. La MaDlomo, lenye jina la mwanawe Mzukisi, lilimwegemea gotini. Lilikuwa na joto. La MaBhele, aliyefariki kabla paa halijaezekwa, likatoka getini kushika njia ya makaburini. Wakasogea kulipisha.

Mchungaji aliyatazama matundu.

"Jumamosi kuna mazishi, mama. Upepo wa Gqeberha mnaujua."

Waliujua. Maiti wa watu hapigwi na upepo ndani ya kanisa, kwa hiyo wakakoroga saruji na kuziba. Alhamisi zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Wiki ya nne kanisa liliwanunulia mwiko mpya. Kufuli halikuguswa.

Mzukisi hurudishwa wa mwisho. Siku hiyo ya mwiko mpya MaDlomo alimshika kifuani kitambo, moyo ukimuuma kwa kudanganywa mchana kweupe, kisha akamwingiza ukutani.

"Upande laini utazame nje, mama," alisema mchungaji.

MaDlomo akamgeuza.