Kunguni wa Kijani Harusini

Nilikuja Mbwajumali, kijiji cha kisiwa cha Pate, kumtafuta mdudu anayejulikana karibu dunia nzima: kunguni wa kijani wa mashambani, mwenye umbo la ngao, ambaye ukimgusa hutoa uvundo. Yuko Afrika, Ulaya, Asia, Amerika, hata Australia. Lakini kwenye ramani ya kikundi chetu cha vijana wapenda wadudu, kisiwa hiki kilikuwa kitupu. Nilitaka tukitie nukta moja tu, na picha haikutosha. Ilibidi nirudi na mdudu mwenyewe.

Asubuhi ya mwisho nikampata kwenye kunde za mwenyeji wangu, Bi Khairiya. Nikamtia chupani, nikaenda kuoga. Niliporudi, chumba kimejaa moshi wa udi, buibui langu limetandazwa juu ya chetezo, na chupa iko wazi.

"Bi Khairiya, mdudu wangu yuko wapi?"

"Nimemtupa! Mgeni wangu aende harusini kwa Huwaida akinuka kunguni?"

"Nimesafiri kwa ajili yake!"

"Ndia yote hiyo, kwa kunguni?" Akacheka hadi akashika mbavu. "Ungesema mapema, mwanangu. Ruba ana kitanda kizima!"

"Nakusikia!" jirani yetu Ruba akajibu nyuma ya ukuta.

Tukapekua kunde zote. Hakuna kitu. Na boti ya Lamu ilikuwa ya alasiri. Nikavaa buibui langu linalonukia, nikaenda harusini na moyo mzito.

Wanawake walikaa mkekani wakifunga vikuba, asumini na rehani za kubandika kifuani. Huwaida, bibi harusi, alipobandikwa chake, akakunja pua.

"Nani ananuka hivi?"

Kila mmoja akanusa bega lake kisirisiri. Kisha macho yakanigeukia mimi, mgeni.

"Si yeye!" Bi Khairiya akaruka. "Huyu nimemfukiza kwa mkono wangu!"

Nikainamia kikuba. Kati ya majani ya rehani ulichomoza mgongo wa kijani.

"Msimguse! Rehani hii ni ya hapa Pate, au imeletwa kutoka Lamu?"

"Uani kwangu, hapa hapa," Ruba akasema kwa aibu.

Nikamkumbatia. Huwaida akavua kikuba, akanikabidhi chote.

"Mchukue na maua yake," akasema. "Asije akasema Mbwajumali tumemuaga mikono mitupu."

Botini, abiria waliokaa karibu nami wakahama mmoja mmoja. Nikabaki na ubao mzima peke yangu, nikafungua simu, nikakitia kisiwa cha Pate nukta yake.