T ya Twalibu Ndani ya Kifuniko

Saa niliitambua kwa mkanda. Pini ya upande mmoja haikuwa pini bali kipande cha spoki ya baiskeli. Baba yangu, Jovithe, alikipachika mwenyewe nyumbani Kinama, mimi nimemshikia koleo, nina miaka tisa. Machi 1996, wakati wa vita, alitoka kwenda kazini na saa hiyo mkononi, wenye bunduki wakamchukua njiani, hakurudi. Tangu nijifunze kuandika barua rasmi, peke yangu, kwa kamusi, nimeziandikia ofisi zote zenye mlango. Hakuna iliyojibu. Na sasa, sokoni Jabe, kwenye meza ya fundi saa Salvator, kati ya saa mbovu zilizoanikwa kama samaki wa ndagala, ile spoki.

Nikaigeuza. Mgongoni, kwenye kifuniko cha chuma, pameandikwa Hong Kong.

Nikaitupa mezani. "Si yake."

"Polepole, Bwana Mikro," Salvator akasema. Soko lote linaniita hivyo, kwa sababu nikianza kusema sihitaji kipaza sauti. "Saa imekukosea nini?"

"Ya baba ilikuwa Japan, muzee. Japan nzima! Alinionyesha mwenyewe, hapa usoni, chini ya namba sita. Mi sisahau. Hii wameibadilisha, kama wanavyobadilisha kila kitu, halafu sisi tunaambiwa tunyamaze..."

"Mukutano peleka kwa Irène pale kwenye nyanya. Yuko hapa kabla yangu, amezoea makelele." Akabana lenzi jichoni. "Chini ya sita kunaandikwa nini?"

"Japan."

"Basi. Uso unasema ya mashine. Mufuniko unasema ya mufuniko. Zingine zilitoka dukani hivi hivi, mashine kwa Wajapani, nyumba yake Hong Kong. Baba yako alisoma mbele, akaamini na nyuma."

"Baba hakuwa mujinga."

"Nani amesema mujinga? We umesoma nyuma, ukamukana."

Hilo liliniingia.

"Fungua," nikasema.

Mafundi wa hapa kila wakifungua saa huchora kwa sindano ndani ya kifuniko: herufi ya jina, mwezi, mwaka. Mwenye saa haoni; ni mafundi wanaoandikiana. Aliyemfundisha Salvator kazi ni marehemu Twalibu, na mwezi mmoja kabla ya kuchukuliwa, baba alinipeleka kwa Twalibu huyo kubadilisha kioo cha saa. Nakumbuka hadi rangi ya peremende niliyopewa. Kama ni saa yenyewe, T ya Februari lazima iwemo.

Salvator akakizungusha kifuniko, akakifuta kwa kidole gumba, akaniazima lenzi.

T 2/96.

 Nilimwona baba amenyoosha mkono juani, ananiuliza ni saa ngapi, na mimi nakosea makusudi ili aniulize tena.

"Ndiyo yake."

 Salvator alikuwa amekitwaa tena kifuniko, anakiinamisha kwenye mwanga. "Zénon." Hajawahi kuniita jina langu. "Iko ingine."

Chini yake, kwa mkono uleule: T 11/96.

Novemba! Novemba mama yangu, Caritas, bado alikuwa akimwekea baba sahani, anaifunika, asubuhi tunakula sisi. Na mtu alikuja hapa Jabe, akavua saa hii mkononi, akangoja itengenezwe. Kama ni baba, alikuwa hai, mwendo wa miguu tu kutoka kwetu, na hakuja. Kama si baba, ni yule aliyemvua saa.

"Twalibu hakukuambia ni nani?"

"Mi nilikuja kwake 2001. Watu alikuwa haandiki. Saa tu."

"Na wewe nani amekuletea?"

"Mama mumoja wa Uvira, katika mufuko wa mabovu. Yeye pia alinunua kwa wengine."

Mimi ninayewahimiza watu kila siku wadai ukweli hata ukiwauma, nilisimama pale naomba baba awe alituacha. Awe alitukimbia, awe na mke mwingine, watoto wengine. Hasira yote ya miaka hii ningemmwagia yeye, naye angenijibu, nikaisikia sauti yake.

"Nifunge?" Salvator akauliza.

"Bado. Chora kwanza ya kwako. Lakini uache nafasi ya jina."

Akachora S, mwezi huu, mwaka huu, pembeni. Nikakichukua kifuniko kiganjani, nikavuka hadi kwenye nyanya.

"Bwana Mikro," Irène akacheka, "leo unamutukana nani?"

"Mama," nikasema, na ilibidi ainame ndipo anisikie, "Novemba ya tisini na sita, ulikuwa unauza hapahapa?"