Posa Nyuma ya Kamba

Shangazi alifuma wavu mchana kutwa, na kila jioni aliufumua ili kesho apate wa kufuma. Ndiyo iliyokuwa kazi yake katika Nyumba ya Mvuvi, kivutio cha watalii: kukaa nyuma ya kamba nyekundu, kuwa mke wa mvuvi, na kunyamaza wageni wanapopita. Kabla ya hapo alikuwa karani wa posta. Wavuvi wenyewe walikwisha kuhamishwa, kwa kuwa boti zao ziliharibu mandhari ya kijiji cha uvuvi.

Siku moja kijana wa marehemu kaka yake, aliyemlea mwenyewe, alimleta baba wa mchumba wake. Mzee huyo, mkandarasi mstaafu, alitaka kuwaona ndugu wa kijana kabla ya kutoa neno. Shangazi akanyimwa ruhusa ya kutoka.

"Waingie wao," msimamizi alisema. "Ila hiyo suti ifunikwe."

Mkandarasi akavishwa shuka na kofia ya ukindu, akaketishwa juu ya kigoda.

"Karibu, baba mkwe," Shangazi alinong'ona. "Utusamehe kwa hii kamba."

Kabla hajajibiwa, basi zima la wageni likamiminika ndani. Mtembeza wageni hakubabaika. "Na hapa, mabibi na mabwana, ni jinsi watu wa kale walivyoposa."

"Mimi si mtu wa kale!" Mkandarasi alifoka.

Wageni wakaangua kicheko, wakapiga makofi. Mkandarasi akaduwaa. Alikuwa amejenga nusu ya mji, na watu walimkumbuka paa lilipovuja tu. Akaiweka kofia sawa.

"Kijana, utamtunza binti yangu?"

"Nitamtunza, mzee."

"Sauti!" mgeni mmoja alidai kutoka nyuma.

"Nitamtunza!"

"Basi, nimekubali."

Makofi yakarindima, simu zikamulika. Shangazi akashusha pumzi. Kumbe mapema mno.

Kundi la pili lilipoingia, Mkandarasi alisimama bila kuombwa, akakunja uso. "Sijakubali. Nitafikiri."

"Loo!" wageni wakaguna. Mkandarasi aling'aa kama sufuria mpya.

Kijana alimvuta shuka. "Mzee, si tulishamaliza?"

"Tulia wewe. Hawa hawakuona."

Kwa kundi la tatu alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Labda mwakani. Labda kwa mwingine." Kijana akajiinamia, machozi yakimlengalenga. Wageni wakampiga picha.

Hapo Shangazi aliutupa wavu chini na kuvunja mwiko wa kazi yake.

"Baba mkwe, anayelipwa kuigiza hapa ni mimi, si wewe. Ulikubali mbele ya basi zima la mashahidi, na kila mmoja ana picha yako. Wako nje wanakula aiskrimu. Niwaite?"

Mkandarasi aliutazama mlango. Kofia ikamshuka hadi kwenye nyusi.

"Nimekubali," alisema kwa sauti ndogo.

"Sauti!" Shangazi akamwambia.

"Nimekubali!"

Makofi yakapigwa. Shangazi akaketi, akaanza kuufumua wavu mapema.